Mwacheni kijana achokore nyaya, anga ya Garissa ni darasa

Juu ya paa la nyumba yetu hapa Bula Iftin, mjini Garissa, kuna tangi la maji, kamba ya nguo na vijiti viwili vya alumini nilivyovifunga mfano wa herufi V. Kila kijiti kina urefu wa sentimita 53. Hooyo, yaani mama yangu, anaviita pembe za mbuzi. Wageni huuliza kama ni dishi la TV lililovunjika. Mimi naviita antena, na sina starehe inayozidi hiyo.

Wenzangu wana mpira, wana miraa ya jioni, wana simu. Mimi nina kompyuta kuukuu ya mezani niliyoinunua Suq Mugdi ikiwa haina kifuniko wala feni. Kwa Kisomali, jina la soko hilo ni soko la giza, na iftin ni mwanga. Basi huwa nawatania marafiki kwamba niliitoa mashine gizani nikaileta kwenye mwanga. Joto la mchana likipanda inajizima yenyewe, kwa hivyo nimezoea kuiwasha usiku au asubuhi mapema, feni ya mezani ikiipulizia ubavuni. Stima ikipotea, tunalala wote wawili.

Picha yangu ya kwanza kutoka angani niliipata asubuhi moja ya Ramadhani, jua likiwa limetoka tu. Setilaiti ya hali ya hewa ya Marekani, NOAA 15, ilikuwa inapita juu yetu. Ilirushwa mwaka 1998, kwa hivyo ni kongwe kuniliko. Mlio wake kwenye spika ni kama saa ya ukutani, tik-tok, tik-tok, na kila sekunde mistari miwili ya picha inajichora kwenye skrini. Baada ya dakika kumi hivi nikaona pwani ya Somalia, Bahari ya Hindi, na mawingu yakielekea kwetu. Nilipiga kelele hadi nikaamsha nyumba nzima. Hooyo alidhani nimepigwa na stima.

Siku chache baadaye mgeni mwingine alibisha. Jirani alikuwa ameona nyaya juu ya paa akapata wasiwasi, na askari mmoja akaja kuuliza ninawasiliana na nani.

Simlaumu jirani. Huu ni mji uliozika. Aprili 2, 2015, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, na tangu siku hiyo waya usioeleweka si jambo la mzaha kwetu. Nilimpandisha askari juu, nikamwonyesha kwamba antena hii inasikiliza tu, hairushi chochote. Nikamfungulia picha. Akaitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Sasa mvua inakuja lini?"

Swali lake halijanitoka akilini. Ndilo swali la kila mtu Kaskazini Mashariki. Kati ya mwaka 2020 na 2022 mvua zilikosekana msimu baada ya msimu, na mizoga ya mifugo ikajaa kando ya barabara. Mwisho wa 2023 na tena 2024 mambo yakageuka: Mto Tana ukavunja kingo, barabara ya kwenda Nairobi ikakatika, watu wakavushwa kwa boti. Ukame na mafuriko yote mawili huonekana vizuri kutoka juu. Picha zipo. Anayekosekana ni kijana wa hapa anayejua kuzipokea, kuzisoma na kumweleza mchungaji kwa lugha yake.

Kuna wanaosema mambo ya anga ni ya Wazungu. Kwani wamesahau Malindi? Kutoka jukwaa la San Marco, kwenye bahari yetu, Desemba 12, 1970, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei angani. Ilipewa jina Uhuru, kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikisherehekea Uhuru wake. Waitaliano walilichagua eneo hilo kwa sababu liko karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia huipa roketi msukumo wa bure. Garissa iko karibu zaidi na ikweta kuliko Malindi, chini ya nusu digrii tu.

Mwaka 2018 setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, 1KUNS-PF, iliachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga. Aprili 2023 ikafuata Taifa-1, inayopiga picha za ardhi yetu. Na kama bado unadhani anga iko mbali, waulize watu wa Mukuku, Makueni, walioangukiwa na pete ya chuma ya kilo 500 hivi, siku moja kabla ya mwaka 2024 kuisha.

Wala kutazama juu si jambo geni kwa jamii yetu. Abti yangu, ndugu ya mama, alichunga ngamia Lagdera maisha yake yote. Hajawahi kushika kompyuta, lakini anasoma nyota kama mimi ninavyosoma meseji. Elimu hiyo ya Wasomali kuhusu nyota na majira iliandikwa kitabuni na mtafiti Muusa Galaal mwaka 1968. Na kila mwaka mji huu mzima hutoka nje magharibi kuutafuta mwezi mwandamo. Sisi ni watu wa anga tangu zamani, ila tumeacha kuwaambia watoto.

Tunachowaambia ni "Warya, acha upuzi, kasome." Ukifungua redio ya nyumbani unachapwa. Shuleni kompyuta zimefungiwa stoo zisiharibike, hadi zinaharibika kwa vumbi. Halafu tunashangaa kwamba mtoto amemaliza kidato cha nne na hajui kubadilisha fyuzi. Kuchokora si kupoteza muda. Kompyuta yangu imenifundisha kulehemu, kupima betri, kusoma Kiingereza kigumu, na kushindwa mara ishirini bila kulia. Leo ndiye mimi ninayeitwa mtaani sola ya mtu ikigoma.

Mwaka 2025 setilaiti zote tatu za NOAA nilizokuwa nazisikiliza zilizimwa. Nilihisi kama nimefiwa. Wiki moja baadaye nilikuwa najifunza upya jinsi ya kupokea picha za Meteor, za Urusi, ambazo ni safi zaidi. Hayo hayamo kwenye mtihani wowote, lakini yanamfunza mtu kutokwama.

Ninaloomba ni dogo. Kwanza, meza moja ya kuchokora katika maktaba ya Garissa: kompyuta kuukuu chache, chuma cha kulehemu, na mtu wa kusimamia. Maktaba hii si geni kwa ubunifu; mwaka 1996 ilianza kupeleka vitabu kwa wafugaji juu ya migongo ya ngamia. Ngamia aliyebeba masanduku ya vitabu hashindwi na kompyuta ndogo na paneli ya sola.

Pili, walimu wafungue hizo stoo. Kompyuta iliyoharibiwa na mwanafunzi imefundisha kitu. Iliyoharibiwa na vumbi haijafundisha lolote.

Tatu, sisi vijana tusijifiche. Kabla hujapandisha waya juu ya paa, mwambie jirani, mwone chifu, waalike waje watazame. Nao maafisa wa usalama, wakiona waya, waulize kabla ya kufoka. Kijana akiaibishwa mara moja mbele ya mtaa, hashiki tena bisibisi.

Askari wangu yule alirudi mwezi uliopita. Safari hii hakuja kazini, alikuja na mwanawe wa miaka kumi na moja na redio iliyokufa. Tuliifungua hapo sakafuni. Hatujafaulu kuitengeneza. Mtoto ameshaniuliza mara tatu atarudi lini.