Muulizeni Mahari, Muulizeni na Makaratasi



Posa ikija kutoka Uingereza, sisi wanawake wa Unguja na Pemba tunajua kuuliza. Kijana wa nani? Anasali? Mahari kiasi gani? Likifika suala la ukaazi wa bibi harusi huko aendako, tunanyamaza. Tunaona haya, isije ikasemwa tumemtaka kwa ajili ya pasi yake. Sisi tunasema hapo hapana haya, kwa sababu atakayeishi na jawabu ni binti yetu, si hao wasemaji.

Wengi wanadhani ukiolewa na raia umeshapata ukaazi wa kudumu. Sivyo. Viza ya mke hutolewa kwa miaka miwili na miezi tisa, kisha huombwa nyongeza ya miaka miwili na nusu. Ikitimia miaka mitano ndipo anapoweza kuomba ukaazi wa kudumu, naye awe ameshafaulu mtihani wa Kiingereza na ule wa maisha ya Uingereza. Tangu Aprili 2024, kwa kawaida kipato kinachotakiwa kuoneshwa ni pauni 29,000 kwa mwaka. Mbali na ada ya viza yenyewe, kuna ada ya afya, pauni 1,035 kwa kila mwaka. Kwa hiyo kumuuliza bwana harusi mshahara wake si uchokozi wala tamaa.

Miaka mitano hiyo ndiyo yenye mtihani wa kweli. Ukaazi wa mke umefungwa kwenye ndoa, na mume asiye na khofu ya Mungu analijua hilo. Kila wakigombana, "nitakurudisha kwenu". Huku nyumbani nasi tunamwambia, "vumilia mwanangu, upate karatasi kwanza". Subira ni ibada, lakini kumtisha mke kwa viza yake ni dhulma, na tusiipake dhulma rangi ya subira. Tena sheria yenyewe ya huko haimlazimishi kuvumilia: mke anayenyanyaswa na mumewe raia anaweza kuomba ukaazi wa kudumu bila kungoja miaka mitano. Na yule anayeletwa Zanzibar "kusalimia wazee", kisha mume akaondoka na pasi yake na kumtelekeza, tangu 2024 naye anaweza kuomba akiwa huku huku. Mangapi tunayajua ya mitindo ya magauni, na hili hatulijui!

Kuna na suala la akdi. Ndoa iliyofungwa hapa kwa sheria zetu na kusajiliwa, hutambuliwa kule. Lakini nikaha iliyosomwa sebuleni London, bila ya kusajiliwa serikalini, haimfanyi mke kisheria. Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilishikilia hivyo mwaka 2020. Kwa Mwenyezi Mungu ni mke; ofisini na mahakamani ataambiwa hana ndoa. Basi akdi ifungwe hapa kabla hajasafiri, na cheti kitoke.

Wali asione uzito kuweka masharti, maana Mtume (S.A.W.) ametusisitizia kuwa masharti ya ndoa ndiyo yenye haki zaidi ya kutimizwa. Pasi ya binti ikae kwa binti. Siku hizi ukaazi wa Uingereza umo mtandaoni, basi akaunti yake ifunguliwe kwa barua pepe yake na namba yake mwenyewe, si ya mume wala ya wifi. Mume aahidi mbele ya mashahidi kuomba nyongeza kabla viza haijamalizika, na gharama ziwe juu yake.

Kijana mwema atayakubali haya. Akikasirika, bora akasirike sasa, kadi hazijachapishwa na mbuzi hajachinjwa. Na nakala ya cheti cha ndoa abaki nayo mama.