Mashine ya Ramani na Mpaka wa Shamba: Vigezo vya Kuteua Vifaa Kisii na Nyamira

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa wakazi wa kaunti za Kisii na Nyamira, mali iliyo kuu ni ardhi, na mojawapo ya madaftari yake ni ramani. Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu watu 1,266,860 katika Kisii na 605,576 katika Nyamira. Katika Kisii, kila kilomita mraba ilikuwa na zaidi ya watu 900. Shamba ambalo babu alilima peke yake limegawiwa wana, kisha wajukuu, hata likabaki vipande vyembamba vinavyoteremka kutoka mgongo wa kilima hadi bondeni penye kijito. Mahali ambapo mstari mmoja wa migomba huweza kuwagombanisha ndugu wa tumbo moja, mashine inayonakili ramani inashiriki, itake isitake, katika kugawa urithi.

Kazi ya kunakili, kuskani na kuchora karatasi kubwa hufanywa na watu wa aina nyingi. Kuna mwenye duka la kunakili aliyejenga biashara yake karibu na ofisi za serikali. Kuna mpima ardhi wa kujitegemea ambaye lazima atoe mchoro wa ugawaji. Kuna msanifu majengo anayewasilisha michoro ili iidhinishwe na serikali ya kaunti, na kuna mchapishaji wa mabango ya matangazo. Hawa wote hufika siku moja mbele ya muuzaji wa mashine na kuulizwa wanataka ipi. Makala haya yanatetea hoja moja: katika Kisii na Nyamira, kigezo cha kwanza cha kuteua mashine hizo kinafaa kuwa usahihi wa vipimo, na kasi, bei na jina la kampuni vifuate nyuma. Zaidi ya hayo, usahihi huo hautamfaa mwananchi iwapo hataelezwa kwa lugha anayoielewa.

Aghalabu uteuzi hufanywa kinyume. Mnunuzi huuliza mashine hutoa kurasa ngapi kwa dakika, hugharimu kiasi gani, na kama ni mpya au imetumika. Maswali hayo si mabaya, kwa kuwa biashara isiyopata faida hufungwa. Hata hivyo, yanaitazama mashine pasi na kuitazama karatasi itakayopita ndani yake. Bango la mkutano wa hadhara likipungua kwa asilimia mbili, hakuna atakayedhurika. Ramani ya mashamba ikipungua kwa asilimia hiyo hiyo, hesabu yote ya ardhi inayosomwa juu yake hupotoka.

Hebu msomaji azingatie hesabu ifuatayo. Katika ramani yenye skeli ya 1:2,500, milimita moja karatasini ni mita mbili na nusu ardhini. Chukulia kwamba mashine imeipunguza picha kwa asilimia mbili ili itoshee karatasi iliyopo. Mstari wa sentimita 20, ambao ni mita 500 ardhini, utapimwa kuwa sentimita 19.6, yaani mita 490. Mita kumi zimetoweka na hakuna aliyeng'oa hata kigingi. Kwa upande wa eneo, upungufu huo hukaribia asilimia nne, kwa sababu urefu na upana hupungua kwa pamoja. Ekari moja, ambayo ni takriban mita mraba 4,047, itasomeka kama mita mraba 3,887. Mita mraba 160 zilizopungua zinazidi theluthi ya ile ploti ya futi 50 kwa 100 ambayo kila Mkenya anaijua bei yake.

Huenda mtu akasema kwamba hofu hii imetiwa chumvi. Atatukumbusha kuwa Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, katika kifungu cha 18, inasema kuwa ramani huonyesha mipaka kwa kukadiria tu, isipokuwa pale ambapo sajili inaeleza kuwa mipaka imewekwa rasmi. Mtu huyo atasema kweli. Anayeamua mzozo wa mpaka kwanza ni Msajili wa Ardhi, ambaye huenda shambani na kutazama ua na alama zilizoko, wala hatosheki na nakala iliyotoka dukani. Nakala yenye uzito mbele ya sheria ni ile iliyothibitishwa na ofisi husika.

Jibu la hoja hiyo ni kwamba mizozo haianzii mahakamani. Mahakama ya Mazingira na Ardhi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, ina vituo vyake Kisii na Nyamira, lakini shauri hufika huko likiwa limekwisha kukomaa. Chanzo chake ni nyumbani: karatasi inapotandazwa juu ya meza, rula ikawekwa, na mtu mmoja akasema kwamba jirani amemega shamba. Karatasi hiyo, mara nyingi, ni nakala ya nakala. Ikiwa ramani yenyewe ni ya makadirio, basi haifai kuongezewa kosa la mashine juu ya kosa la mchoraji. Anayekadiria mara tatu mfululizo hujikuta mbali sana na pale alipoanzia.

Basi mnunuzi afanye nini? Aende kwa muuzaji na karatasi yake mwenyewe. Achore mraba wa sentimita 50 kila upande, aunakili bila kupunguza wala kukuza, kisha aupime kwa rula ya chuma mbele ya muuzaji. Apime upana na urefu, kwa sababu mashine inayoivuta karatasi kwa rola huweza kuwa sahihi kwa upana lakini ikakosea kwa urefu, rola zinapoteleza au zinapolika. Aulize kama kosa hilo hurekebishika, nani hulirekebisha, na kila baada ya muda gani. Muuzaji asiyekubali jaribio hili amekwisha kujibu swali.

Kigezo cha pili ni namna mashine inavyoishika karatasi kuukuu. Ramani iliyokunjwa mara nyingi huwa na mikunjo, viraka na kingo zilizochanika. Skana ya kuvuta karatasi ni ya bei nafuu na haihitaji nafasi kubwa, lakini huweza kuipasua karatasi dhaifu. Ile ya bapa, ambayo karatasi hulala tuli juu ya kioo, huihifadhi zaidi ingawa ni ghali na hujaza chumba. Macho ya skana nayo hutofautiana. Kuna skana ambazo vihisio vyake hukaa karibu sana na karatasi. Hizi ni ndogo na hazitumii umeme mwingi, lakini penye mkunjo picha huweza kufifia. Kuna zile zinazotumia lenzi na kamera, ambazo huvumilia mikunjo vizuri zaidi. Aidha, iwapo ramani imeongezewa mistari kwa wino wa rangi nyingine, kuiskani kwa nyeusi na nyeupe peke yake ni kuififiza historia ya shamba: mpaka wa zamani na mpaka mpya hutoka vikifanana.

Kigezo cha tatu kinatokana na hali ya hewa. Nyanda za juu za Gusii hupata mvua inayozidi milimita 1,500 kwa mwaka, na karatasi inayobebwa kwenye pikipiki kutoka mjini hadi kijijini haikosi kunyeshewa. Wino ulioyeyuka majini ni rahisi na hung'aa, lakini ukipata maji huchuruzika na mpaka ukageuka doa. Wino wa chembechembe, yaani pigmenti, huvumilia maji na mwanga zaidi. Tona nayo, kwa kuwa huyeyushwa na kugandishwa kwa joto, haichuruziki. Ila joto hilo hudai umeme mwingi, na umeme unapokatika katikati ya kazi, karatasi hukwama ndani. Karatasi yenyewe hutanuka penye unyevu na kusinyaa penye ukavu. Kwa hivyo mchoro unaokusudiwa kudumu huchorwa vyema zaidi juu ya utando wa plastiki ya poliesta kuliko juu ya karatasi ya kawaida.

Kigezo cha nne ni upana na gharama ya kuendesha. Karatasi ya A1 ina upana wa milimita 594, na ya A0 ina milimita 841. Mashine ya inchi 24 hutosha kwa A1. Ya A0 huhitaji inchi 36. Mfanyabiashara anayenunua ndogo ili aokoe fedha, kisha akaletewa kubwa, hulazimika kuipunguza picha au kuinakili vipande vipande na kuviunganisha kwa gundi. Njia zote mbili huvuruga skeli. Kwa hiyo inafaa azipime kwanza karatasi ambazo wateja wake huja nazo, ndipo ateue upana. Vilevile bei ya siku ya ununuzi ni mwanzo tu. Zipo gharama za wino, roli za karatasi, vichwa vya kuchapishia na fundi. Mashine ambayo fundi wake lazima atoke Nairobi kila inapokohoa, na vipuri vyake viagizwe ng'ambo, inaweza kukaa kimya majuma kadhaa huku mkopo ukiendelea kudai. Mashine ya wastani yenye fundi Kisii au Kisumu ina faida kuliko ya kifahari isiyo na mtu wa kuihudumia.

Wapo watakaouliza kama kuna haja ya mjadala huu ilhali karatasi inaelekea kuagwa. Mfumo wa kidijitali wa ardhi uitwao Ardhisasa ulizinduliwa mwezi wa Aprili 2021, ukianzia Nairobi. Ukweli ni kwamba mfumo wa aina hiyo unaufanya uteuzi wa skana kuwa mzito zaidi. Ramani ya karatasi huingia katika kompyuta kwa kuskaniwa. Kosa lililokuwa katika nakala moja mkononi mwa mtu mmoja likiingia humo hugeuka kuwa chanzo cha kila nakala itakayofuata, nalo huvaa heshima ya mtambo. Wengi huihoji karatasi iliyochakaa. Wachache huihoji picha safi iliyo kwenye skrini.

Hapa ndipo wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wanapoingia katika suala hili. Maandishi ya vitufe vya mashine hizi huwa kwa Kiingereza au lugha nyingine za kigeni. Kile kinachoilazimisha picha itoshee karatasi hubonyezwa kwa wepesi na kijana wa dukani, na mzee aliyeleta ramani hajui kwamba skeli yake imebadilishwa. Mzee huyo huzungumza Ekegusii nyumbani na Kiswahili sokoni. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Urasmi huo una thamani gani iwapo haumfikii mtu katika shughuli inayohusu shamba lake?

Kwa muda mrefu wataalamu wa istilahi katika nchi hii wamebishana juu ya tarakilishi na kompyuta, mdahalishi na intaneti. Mjadala huo una nafasi yake darasani. Hata hivyo, mteja wa duka la kunakili hahitaji jina geni la skana. Anahitaji sentensi tatu zinazoeleweka: nakala hii ina ukubwa ule ule wa karatasi uliyoileta. Nakala hii imepunguzwa. Usiipime shamba kwa nakala hii. Istilahi ambayo haijawahi kutamkwa mbele ya mteja mwenye shida ni sawa na mbegu iliyohifadhiwa ghalani hadi ikaoza.

Pendekezo basi ni jepesi na gharama yake ni ndogo. Kila duka linalonakili ramani katika Kisii na Nyamira liwe na muhuri wa mpira wenye maneno ya Kiswahili: NAKALA HII IMEBADILISHWA UKUBWA, USIPIMIE. Kila nakala iliyopunguzwa au kukuzwa igongwe muhuri huo kabla ya kukabidhiwa mteja. Mraba wa kupimia uwekwe kando ya mashine, na mteja aruhusiwe kuutumia. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili, katika Chuo Kikuu cha Kisii na kwingineko, vinaweza kuandaa karatasi moja ya maelezo ya kubandikwa ukutani, kwa Kiswahili sanifu na chepesi, kisha wenzao wanaozungumza Ekegusii wakayatafsiri. Kazi hiyo haihitaji ruzuku wala kongamano.

Mfanyabiashara naye hatapata hasara. Wateja wakijua kwamba duka fulani hupima nakala zake mbele yao, watalipendelea hata likitoza shilingi chache zaidi, kwa kuwa kesi ya ardhi ni ghali kuliko nakala yoyote. Kasi ya mashine humwokolea mteja dakika kadhaa. Usahihi wake humwondolea safari za mahakamani na, lililo zito zaidi, humwachia ndugu yake wa kusalimiana naye asubuhi.