Bima ya maradhi mazito: bakuli la Ijumaa halitoshi



Wiki hii naweka pembeni habari za vyoo na maji ya kunywa. Kuna jambo sisi matabibu tunaliona kila siku na hatulisemi: mgonjwa anatibiwa vizuri, huku nyumba yake inaanguka.

Kijana mmoja, karani wa wakala wa forodha hapa Tunduma, alikuja akilalamika miguu kuvimba. Presha ilikuwa 210 kwa 130. Vipimo vikaonyesha figo zimeshindwa. Akahamia Mbeya, kiasi cha kilomita 100, asafishwe damu mara tatu kwa wiki. Bima ya afya ililipa hospitali. Lakini nani alipe kodi ya nyumba, nauli za mkewe na ada za watoto? Likapitishwa bakuli baada ya Swala ya Ijumaa. Mara ya kwanza lilijaa. Mara ya tatu lilirudi na sarafu, na siwalaumu waumini. Nao wana nyumba zao.

Wengi wanaokatwa asilimia 3 ya mshahara kwa ajili ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, na mwajiri akaongeza 3, hudhani wamemaliza. Mfuko ule ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1999 ili ulipie matibabu. Mshahara ni habari nyingine. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa siku 126 za ugonjwa katika miezi 36: 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Kiharusi hakihesabu siku.

Bima ya maradhi mazito hulipa kwa namna tofauti. Ukithibitika kuwa na ugonjwa uliotajwa katika mkataba, mfano saratani, kiharusi, shambulio la moyo au figo kushindwa, unapewa fedha kwa mkupuo uzitumie utakavyo.

Ataniuliza ndugu yangu: hiyo si haramu? Swali la haki kabisa. Baraza la Fiqhi la OIC, lilipokutana Jidda Desemba 1985, liliamua kuwa bima ya kibiashara ina gharari inayoharibu mkataba. Lakini baraza hilo hilo likaelekeza kwenye bima ya kushirikiana inayojengwa juu ya tabarrui, yaani takaful, ambayo Sudan walikuwa nayo tangu 1979. Nusu ya kwanza ya uamuzi tumeihifadhi. Ya pili hatuisomi.

Rai yangu ni kuwa walimu, wauguzi na makarani wa mpakani waende kwa pamoja kwa wenye takaful waulize kama wana ya maradhi mazito. Mkataba usomwe kabla ya kutia sahihi: muda wa kungoja ni miezi mingapi, na saratani ya hatua ya mwanzo imo? Ikikosekana, msikiti uweke mfuko wenye kanuni zilizoandikwa, mtu achange akiwa mzima na ajue atapewa kiasi gani.

Na presha ipimwe sasa. Kwa kawaida mikataba hii hailipii ugonjwa uliokuwapo kabla ya kujiunga. Yule kijana aliponiuliza habari zake, alikuwa tayari mwezi wa nne kwenye mashine.