Chotara si nusu mtu

Jamani, hebu tuulizane bila kuoneana haya. Mara ya mwisho ulipomwona dada chotara kwenye video ya muziki wa hapa kwetu, alikuwa anafanya nini? Alikuwa anaimba? Anapiga gitaa? Au alikuwa ameegemea gari la kuazima, nywele zinapeperushwa na feni, huku kaka mmoja akimwimbia kwamba ni mzuri kupita wote? Jibu mnalijua. Tumewageuza wanawake hawa mapambo, halafu tunajisifu kwamba tunawapenda.

Na sisi waandishi wa habari tusijifanye hatumo. Niliwahi kuandika makala kuhusu mwanamuziki mmoja wa kike, mhariri akanirudishia. Kosa langu? Eti sikutaja kabila la mama na nchi ya baba katika aya ya kwanza. "Wasomaji watataka kujua amechanganya na nini," akaniambia. Amechanganya na nini! Utadhani tunaongelea juisi. Hakuuliza huyo dada anaimba sauti ipi, nani alimfundisha, bendi yake inalipwa vipi. Alitaka asilimia.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Tuna majina lukuki ya watu hawa: chotara, shombe, hafukasti, pointi faivu. Yote ni majina ya kupimia. Hakuna hata moja linalosema huyu mtu anaweza kufanya nini. Hata tunaposifia, tunasema "damu ikichanganyika inatoa vipaji". Sifa hiyo ni tusi lililopakwa asali. Mwanamke haimbi kwa sababu ya damu. Anaimba kwa sababu amefanya mazoezi, na kwa sababu amepata wenzake wa kuimba nao.

Mnataka mfano? Twende Kongo, kisha tupande ndege hadi Brussels.

Mwaka 1964, katika mji wa Isiro, kaskazini mashariki mwa Kongo, alizaliwa mtoto wa kike aitwaye Marie Daulne. Baba Mbelgiji, mama Mkongo. Huo ndio mwaka wa uasi wa Simba (ndiyo, Simba hilo hilo la Kiswahili chetu). Marie akiwa bado mchanga kabisa, baba yake aliuawa na waasi. Mama akakimbia na watoto hadi msituni, wakapokelewa na jamii ya watu wa msitu ambao kwa Kiswahili wameitwa Mbilikimo. Baadaye wakasafirishwa kwenda Ubelgiji, na huko ndiko Marie alikokulia.

Sasa kabla hujasema "afadhali, alifika Ulaya", elewa aliingia nchi ya namna gani. Ubelgiji ndiyo iliyokuwa imetawala Kongo, Rwanda na Burundi, na katika utawala huo mtoto wa baba mweupe na mama mweusi alihesabiwa kuwa tatizo la serikali. Watoto walinyang'anywa kwa mama zao wakapelekwa kwenye misheni, kama Katende kule Kasai na Save kule Rwanda. Wengine walibadilishwa majina, hata tarehe za kuzaliwa. Waliitwa watoto wa dhambi. Ilibidi tufike Aprili 2019 ndipo Waziri Mkuu Charles Michel asimame bungeni kuomba radhi. Na Desemba 2024 mahakama ya rufaa ya Brussels ikasema wazi kwamba utekaji huo ulikuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Walioishtaki dola walikuwa wanawake watano, bibi watu wazima, waliokua pamoja misheni tangu utotoni. Serikali iliwaweka pale iwafiche. Wao wakafanyana ndugu, na undugu huo ndio uliowapeleka mahakamani miaka zaidi ya 60 baadaye.

Kwa hiyo mtu akiniambia kumpima mtu damu ni utani tu, namwambia aende akawaulize wale bibi utani huo uliwagharimu nini.

Turudi kwa Marie. Alipokuwa kijana alirejea Kongo kujifunza uimbaji wa watu wa msitu. Uimbaji wao, kwa asiyeujua, hauna mwimbaji mkuu na waitikiaji kama kwaya zetu nyingi. Kila mtu ana kipande chake kifupi, anakirudia, anakigeuza kidogo, na vipande vinapishana mpaka wimbo mzima unasimama. Ukimtoa mmoja, pengo linasikika mara moja. Ukimpa mmoja aimbe peke yake, hakuna wimbo.

Aliporudi Brussels, mwishoni mwa miaka ya 1980, hakutafuta meneja wa kumgeuza nyota peke yake. Alitafuta wanawake wa kuimba nao. Ndiyo ikazaliwa Zap Mama: wanawake watano, karibu bila ala yoyote, midomo, makofi na pumzi. Albamu yao ya kwanza ilitoka mwaka 1991, na mwaka 1993 ikatolewa Marekani na lebo ya David Byrne, ikiwa na jina linalotaja "Afropea", yaani Afrika na Ulaya katika neno moja. Nalipenda neno hilo kwa sababu halimgawi mtu vipande. Halisemi nusu hii na nusu ile.

Tena angalia nani walikuwamo. Hawakuwa watu wa aina moja waliojikusanya kwa kufanana ngozi. Sally Nyolo, kwa mfano, alizaliwa Kamerun akakulia Ufaransa. Mchanganyiko wake ni wa maisha. Walichofanana ni kuulizwa kila siku "hasa hasa wewe wa wapi?", na kukataa kujibu kwa hesabu. Walijibu kwa kuimba. Albamu ya pili, ya mwaka 1994, wakaiita Sabsylma. Vunja neno hilo upate Sabine, Sylvie na Marie. Majina ya marafiki watatu yamekuwa jina la kazi! Ni bendi ngapi za kwetu zinazofanya hivyo? Za kwetu nyingi zina jina la tajiri na picha ya tajiri.

Najua mtakuja juu. Wa kwanza atasema: "Wewe dada, machotara wanapendelewa, unawahurumia nini? Wenye ngozi nyeusi ndio wanaoachwa nje ya video." Sawa kabisa, na siwezi kulibishia hilo. Binti mweusi anakataliwa mlangoni, na ndiyo maana madukani krimu za kuchubua haziishi hata zikipigwa marufuku. Lakini angalia vizuri: yule aliyeruhusiwa kuingia ameruhusiwa kuingia afanye nini? Atazamwe. Maikrofoni hapewi. Kwa hiyo ngozi moja inafukuzwa na nyingine inakodishwa, na mwenye kufukuza na kukodisha ni mtu yule yule. Wanawake hawa wawili hawana sababu ya kugombana. Wana sababu ya kukaa chumba kimoja na kutunga wimbo.

Wa pili, msomi, atasema: "Muziki hauna mipaka." Aa, acha! Muziki una mipaka mingi sana. Nenda ukaangalie Zap Mama waliwekwa rafu gani madukani: "muziki wa dunia". Kana kwamba wengine wote wanaimbia mwezini! Waliotoka boksi la "chotara" wakaingizwa boksi jingine. Kilichowavusha si uchawi wa muziki. Ni kazi: kukaa pamoja, kukosea pamoja, kumsikiliza mwenzako pumzi yake ili ujue wewe uingilie wapi. Urafiki wa namna hiyo ni nidhamu. Si picha ya pamoja kwenye simu.

Wa tatu atauliza kwa kejeli: "Mbona basi hawakudumu?" Ni kweli, baadhi walitoka. Sally Nyolo alitoa albamu yake mwenyewe, Tribu, mwaka 1996. Marie naye akabadilisha sura ya kundi, akaongeza ala, na mwaka 2004 akatoa Ancestry in Progress akishirikiana na vijana wa hip hop wa Philadelphia. Kwangu mimi huo ndio ushahidi. Kundi linalokufundisha kusimama, halafu likakuacha uende, hilo ndilo kundi huru. Linalokufunga na mkataba mpaka ufe lina jina jingine.

Sasa basi, tufanye nini? Kwa waandishi wenzangu: ukimhoji mwanamuziki wa kike, swali la asili yake liweke mwisho, na likikosa maana kwenye habari, lifute. Anza na wimbo. Kwa watayarishaji wa video: mnayemlipa asimame mbele ya feni, siku moja mwulizeni kama anajua kuimba. Mnaweza kushtuka. Na kwa nyinyi dada zangu mnaoitwa pointi faivu mtaani, pamoja na nyinyi mnaoambiwa ni weusi mno, na nyinyi mnaoambiwa "mbona hufanani na kwenu": msisubiri kuchaguliwa. Tafutaneni. Watano wanatosha. Hamhitaji studio ya gharama wala gitaa. Pale Brussels walianza na midomo tu.

Na siku mtu akija kuwauliza mmechanganya na nini, mwambieni mmechanganya sauti. Akitaka kujua zaidi, alipe kiingilio.