Dirisha Moja, Mizigo Miwili

Ingia katika benki yoyote mchana, utawaona mwanamume na mwanamke wameketi dirishani bega kwa bega. Kazi yao ni moja, na yumkini mshahara wao ni mmoja. Ama mlango unapofungwa kwa wateja, kazi haijaisha: sharti kila keshia ahesabu fedha zake mpaka zilingane na kumbukumbu. Ikipungua noti moja, hesabu hurudiwa. Hapo ndipo hali zao zinapoachana. Mwanamume aghalabu huwaza usafiri wa kurudi nyumbani. Mwenzake humuwaza mtoto anayenyonya, na kifua kimekwisha kujaa.

Wapo wasemao kwamba tofauti hiyo imekwisha, kwani mwaka 2020 Benki ya NMB ilimkabidhi Ruth Zaipuna uongozi wake mkuu. Hapana shaka hiyo ni hatua kubwa. Lakini mmoja kufika kileleni si dalili kwamba ngazi imekuwa nyepesi kwa wote. Claudia Goldin, mwanauchumi wa Marekani aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2023, amebainisha kwamba katika nchi tajiri sehemu kubwa ya pengo la kipato baina ya mwanamume na mwanamke wa kazi moja huanza anapozaliwa mtoto wa kwanza.

Hapa Tanzania sheria haikughafilika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yampa mama likizo ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Kisha yamruhusu kunyonyesha hadi saa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi. Baba hupewa siku zisizopungua 3. Lakini katika saa hizo 2, nani atakaa dirishani pa mama? Meneja asipoweka mtu, mama huona haya mbele ya wenzake na foleni, akaiacha haki yake kwa hiari isiyo hiari.

Uadilifu si kuwapimia wote kwa kibaba kimoja, bali ni kuutazama mzigo wa kila mmoja. Basi meneja na apange zamu, na mteja avumilie. Nawe mume, kabla hujamuuliza mkeo kwa nini amechelewa, jiulize: jioni hii mtoto amelishwa na nani, nami nilikuwa wapi?