Safari Tulikwenda, Kalamu Tukaiacha

Mwenyezi Mungu ametuhimiza katika Kitabu chake tutembee katika ardhi, tutazame na tuzingatie. Watu wa Pwani kutembea tulikuweza tangu zamani. Kuzingatia tuliyoyaona na kuyaandika, hilo aghalabu tumewaachia wengine. Anayetaka ushahidi na aiangalie nchi ya Embu na Meru, na nyika inayoanzia hapo kwenda kaskazini hadi mpaka wa Habeshi.

Atokaye Embu kwenda Meru hupita Runyenjes, Chuka na Nkubu, Mlima Kenya ukiwa mkono wake wa kushoto. Njia hupanda na kushuka, kwa kuwa kila bonde lina mto wake: Thuci, Nithi, Mutonga na mingineyo. Mito hiyo huishia katika Tana, na Tana humwaga maji yake baharini Kipini. Basi nchi hiyo tunayoiona ya mbali, maji yake twayanywa. Ukishaupita mji wa Meru, ardhi yateremka kwenda Isiolo, kijani chakatika, na mbele yako ni jua, mawe na miiba mpaka Marsabit na Moyale.

Nyika hiyo imeendewa kwa miguu, kwa meli, kwa gari na kwa ndege. Mwaka 1887 Teleki, mtu wa Hungaria, aliondoka Pangani na wapagazi zaidi ya mia mbili. Akapita magharibi ya Mlima Kenya, na Machi 1888 akafika ziwa ambalo leo laitwa Turkana. Mjuzi wa njia katika msafara ule alikuwa mfanyabiashara wa pembe, Jumbe Kimemeta wa Pangani. Kitabu cha safari, lakini, kiliandikwa na von Höhnel, mwenzake Teleki. Mwaka 1891 Nahodha Dundas na Hobley, watu wa Kampuni ya Kiingereza, waliupanda mto Tana kwa meli ndogo ya moshi iliyoitwa Kenia. Maji yalipokataa wakashuka, wakaenda kwa miguu hadi miteremko ya kusini ya mlima. Habari zake twazisoma kwa Hobley.

Kisha wakaja Martin na Osa Johnson, mume na mke kutoka Marekani. Kuanzia 1924 walikaa kando ya ziwa katika msitu wa Mlima Marsabit, vitu vyao vikipelekwa kwa magari, mikokoteni ya ng'ombe na ngamia. Mwaka 1933 wakarudi na ndege mbili ziwezazo kutua majini na nchi kavu, moja imetiwa rangi za punda milia na ya pili rangi za twiga. Waliupiga picha Mlima Kenya kutoka angani, wakatua hata katika Ziwa Turkana. Vitabu vyao na filamu zao zilienea duniani.

Hatuwalaumu walioandika. Mwenye kuandika ameifanya kazi yake, na pasipo wao tusingelijua hata jina la Kimemeta. Tunachosema ni kwamba kila mtu huandika kwa jicho lake. Katika vitabu hivyo mpagazi ni mvivu au mwaminifu, kwa kadiri alivyomridhisha bwana. Aliwaza nini usiku kando ya moto? Aliswali wapi? Alizungumza nini na Mmeru aliyemuuzia viazi? Hayo mwandishi hakuulizwa, na mpagazi amekwenda nayo kaburini.

Wala tusijitetee kwamba uandishi wa safari si ada yetu. Misikiti ya mbao ya Mombasa ya mwaka 1331 twaijua kwa sababu Ibn Battuta alipita akaiandika. Na mwaka 1896 Selim bin Abakari, Mngazija, alifuatana na bwana wake Mjerumani mpaka Urusi na Siberia, kaskazini kuliko Marsabit mara nyingi, kwa gari la moshi, kwa meli ya mtoni na kwa magari ya farasi. Yeye alikwenda kama mtumishi, lakini aliyoyaona aliyasimulia kwa Kiswahili chake, na mwaka 1901 yakachapishwa huko Ujerumani. Mtumishi huyo leo twamsikia kwa sauti yake mwenyewe.

Kuna jambo jingine, na hili latugusa zaidi. Wazee wa Kimeru husimulia kwamba asili yao ni kisiwa kiitwacho Mbwaa, karibu na bahari, ambako walitawaliwa kwa mabavu na watu waitwao Nguo Ntuni, yaani wenye nguo nyekundu. Waliamrishwa yasiyowezekana: mkuki wa kufika mbinguni, kiatu chenye manyoya pande zote mbili. Mwisho wakakimbia usiku, na maji yakawapasukia wakavuka. Msikilizaji aliyepita chuoni atamkumbuka Nabii Musa. Wataalamu wengine wanakisia kwamba Mbwaa ni upande wa Manda, karibu na Lamu. Aliyewakalisha wazee hao na kuyakusanya masimulizi yao ni Mmarekani, Jeffrey Fadiman, na kitabu chake kilitoka 1993.

Tazama mambo! Jirani ana hikaya inayotutaja huenda sisi, tena si kwa sifa, nasi hatukwenda kumsikiliza. Ikiwa ni kweli, insafu yatutaka tuijue. Ikiwa ni fumbo, adabu yatutaka tulisikie mpaka mwisho kabla ya kulijibu. Mwenye kusikiliza sifa zake tu hajasafiri, amehama kiti.

Siku hizi lami imefika Moyale. Aliyekuwa akienda kwa siku nyingi sasa huenda kwa siku moja, dirisha limefungwa na simu i mkononi. Wepesi huo ni neema, lakini njia ikiwa nyepesi mazungumzo hupungua, na wazee hawangoji basi lijalo. Katika miji ya njia hiyo wamo Waislamu, na katika jamaa zao, kama katika jamaa zetu huku, yamo masimulizi ya babu aliyefuata msafara au aliyeendesha lori.

Basi rai yetu ni hii. Kijana wa Lamu, Malindi au Mombasa apatapo safari ya bara, ya kazi, ya masomo au ya harusi, achukue daftari. Aulize jina la mto kabla ya kuuvuka. Amwombe mzee wa Chuka au wa Isiolo amsimulie, aandike kama alivyoambiwa, ataje na jina la msimulizi. Tena aandike kwa Kiswahili, lugha ambayo mzee yule na bibi yake wa Pate wanaisikia wote wawili. Mizigo ya watu tumeibeba ya kutosha. Tubebe sasa na habari zetu wenyewe.