Niulize Watu Wanakula Wapi

Kanda ya Ziwa ina Nyakato tatu ninazozijua. Kuna ya Mwanza, yenye viwanda na foleni. Kuna ya Bukoba, inayojulikana kwa shule yake ya sekondari. Halafu kuna ya kwetu, kata ya Manispaa ya Musoma, ambayo ukiitaja mbele ya mtu wa Dar es Salaam lazima uongeze, "Siyo ile ya Mwanza." Mgeni anayekuja huku haulizi habari za Nyakato. Anatuma ujumbe siku moja kabla ya kupanda basi: "Nitumie sehemu tatu kali za kula na kupiga picha Musoma."

Swali hili linanikera. Siyo kwamba mgeni ana kosa. Mgeni ni mgeni, anauliza alichozoea kuuliza. Kinachonikera ni majibu tunayompa sisi wenyeji. "Sehemu kali" siku hizi ina sura moja: ukuta, geti, mlinzi, viti vyenye mito, menyu ya kurasa sita, na ziwa huko nyuma kama pazia la studio ya picha. Menyu yenyewe utaikuta Mwanza, utaikuta Dodoma, utaikuta Arusha: chipsi kuku, makange, piza. Mgeni anasafiri kutwa nzima kuja kula alichokula juzi kwao, tofauti ni kwamba leo kuna maji nyuma yake. Na mwenyeji aliyemwelekeza huko, mara nyingi, yeye mwenyewe hajawahi kulipia chakula pale.

Akiulizwa anakula wapi yeye, anacheka. "Aa, mimi nakula kwa mama tu."

Hapo ndipo ugomvi wangu unapoanzia. Mji huu tunauonea haya palepale ulipo mzuri, na haya hiyo ina gharama. Kijana wa Musoma anayerudi likizo kutoka chuo na kutangaza kwamba "huku hakuna kitu" anamrahisishia kazi yeyote anayetaka kukiondoa kilichopo. Kama hakuna kitu, basi kibanda kikivunjwa hakuna kilichopotea. Kama hakuna kitu, ufukwe ukizungushiwa uzio hakuna aliyenyang'anywa.

Kwa hiyo nitajibu swali la mgeni, ila kwa mpangilio wangu.

Anza Nyakato, asubuhi, kabla jua halijawa kali. Tafuta mahali penye bodaboda wengi zilizoegeshwa na madereva wake wamekaa kwenye benchi, vikombe mkononi. Hapo pana chai ya maziwa iliyochemshwa na tangawizi, chapati, mihogo ya kukaanga, na siku nyingine uji wa ulezi unaotoka kwenye chupa ya chai ya lita tano. Benchi ni moja, kwa hiyo utakaa na watu usiowajua. Utawasalimia, kwa sababu ukinyamaza utaonekana mgonjwa au mpelelezi. Mama atakuuliza umelalaje kabla hajakuuliza unakula nini. Kabla hujamaliza chapati ya pili utakuwa umesikia nani amefiwa, basi gani liliharibika njiani, na dagaa walilalaje jana. Hoteli haina huduma hiyo hata ukiilipia.

Mchana, nenda Mwigobero. Huko ndiko boti zinakotia nanga, na huko ndiko samaki wanakoshushwa. Kula sato mzima wa kukaanga, au wa mchuzi kama tumbo lako linapenda taratibu, na ugali. Mkoa huu ugali wake si lazima uwe mweupe. Ukiletewa ugali wa udaga, au wa mtama uliochanganywa na muhogo, wenye rangi ya kahawia na unaovutika, usiulize kama kuna "wa kawaida". Huo ndio wa kawaida. Ukishashiba, panda boti ya abiria inayovuka kwenda Kinesi, upande wa Rorya. Utakaa na magunia, baiskeli, kuku na mwalimu anayewahi kituo chake cha kazi. Hutapata kivutio kizuri zaidi ya hicho katika mji huu, na hakuna anayekiita kivutio, kwa sababu watu wanakitumia.

Jioni, kama unaweza, tafuta nyama choma ya kichuri. Hiki ni chakula cha Wakurya kilichoenea mkoa mzima: majimaji machungu ya utumboni mwa ng'ombe au mbuzi, yaliyochujwa na kuchemshwa, ambayo nyama huchovywa au kupikiwa humo. Uchungu wake unashangaza mara ya kwanza. Mara ya tatu, nyama isiyo na kichuri unaiona imepooza. Sijawahi kukiona kichuri kwenye menyu yenye kurasa sita.

Sasa turudi kwa yule sato, maana hapo ndipo mambo yanapokuwa mazito.

Sangara hakuwa samaki wa ziwa hili. Aliletwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, akaongezeka kwa kasi kubwa miaka ya 1980, na katika kuongezeka kwake akamaliza aina nyingi za furu ambazo bibi zetu walizijua kwa majina. Kisha viwanda vya minofu vikajengwa kando ya ziwa, Musoma ikiwemo. Minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya. Kilichobaki, yaani kichwa na mgongo wenye nyama kidogo, kikapewa jina la mapanki, na mapanki yakawa kitoweo cha watu wanaoishi hatua chache kutoka ziwani. Siku hizi hata mabondo ya sangara, lile puto la ndani linalomsaidia kuelea, yanasafirishwa kwenda China kwa bei ambayo mvuvi mwenyewe akiisikia anatikisa kichwa.

Sisemi tusiuze samaki nje. Watu wamesomeshwa kwa pesa ya sangara, nyumba zimejengwa, nami najua zipo wapi. Ninachosema ni kwamba meza ya mama wa Mwigobero ni moja ya sehemu chache zilizobaki ambako samaki mzima wa ziwa hili, mwenye kichwa na mkia, anamfikia mtu wa ziwa hili. Ukiiita meza hiyo "uswahilini", ukampitisha mgeni haraka haraka ili asiione, umesema samaki mzuri ni yule tu aliyeondoka.

Halafu kuna suala la ufukwe. Jina lenyewe Musoma linatokana na neno la Wakwaya, omusoma, yaani ardhi iliyoingia ziwani, rasi. Tumeitwa kwa jina la ufukwe wetu. Mji umezungukwa na maji upande huu na upande ule, ukielekea ncha ya rasi unakutana na miamba mikubwa ya kijivu iliyopangana juu ya maji kana kwamba kuna mtu aliyeipanga. Usiku usio na mwezi, taa za wavuvi wa dagaa huwaka ziwani hadi unadhani ng'ambo kuna mji mwingine mkubwa kuliko wetu. Kuziangalia taa hizo hakuna tiketi. Unachohitaji ni mahali pa kukaa.

Na mahali pa kukaa panapungua. Nimewahi kusimamishwa na mlinzi wa hoteli moja ya ufukweni, nikiwa nimekaa kwenye jiwe, akaniambia kwa heshima kabisa kwamba kama sinunui kinywaji niondoke. Kijana wa watu anafanya kazi yake, sina neno naye. Nina neno na wazo lililomtuma: kwamba jiwe lililokuwepo kabla ya Mkwaya wa kwanza kulipa jina linaweza kugeuka kuwa kiti cha mteja.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa au mto. Mita 60 ni hatua kama 80 za mtu mzima. Ukipata nafasi, zihesabu mwenyewe kuanzia majini, kwenye mji wowote wa Kanda ya Ziwa, halafu uangalie umesimama wapi. Wakati mwingine utakuwa umesimama ndani ya ukumbi wa harusi. Na jambo la kusikitisha ni kwamba sheria hiyohiyo ina kasi ya ajabu inapomkuta mwanamke mwenye jiko la mkaa na sufuria mbili, lakini ikikutana na saruji inachoka.

Mwishoni mwa mwaka 2021 wamachinga nchi nzima waliondolewa kando ya barabara na kupelekwa kwenye maeneo yaliyotengwa. Zilikuwepo sababu za kweli: njia za waenda kwa miguu zilizibwa, mitaro ilizibwa, na wenye maduka walilalamika kwamba wao wanalipa kodi na pango huku mlango umezibwa na meza ya mtu. Nakubali yote. Lakini anayepika chakula si sawa na anayeuza mikanda. Mkanda unaweza kumsubiri mteja wiki nzima. Wali hausubiri. Mama lishe anafuata watu waliko saa saba mchana, wakiwa na njaa na nusu saa ya mapumziko. Ukimpeleka mahali ambako watu hawapo, umemfunga, hata kama umemjengea paa.

Nitaambiwa: na usafi je? Ni swali halali. Kipindupindu kilipoenea nchini mwaka 2015, chakula cha kando ya barabara kilipigwa marufuku sehemu kadhaa, na watu walikuwa wanakufa kweli. Lakini kipindupindu kinakuja na maji machafu na vyoo vibovu. Dawa yake ni bomba, choo, na bwana afya anayekuja kukagua na kufundisha, siyo kuja na gari la kubebea masufuria. Mji unaoishi na ziwa la pili kwa ukubwa duniani kati ya maziwa ya maji baridi hauna sababu ya kumwacha mpishi wake abebe maji kwa ndoo, kisha umshitaki kwa kuosha sahani vibaya.

Nitaambiwa pia kwamba hoteli zinaleta ajira na wageni. Zinaleta. Lakini angalia wageni wenyewe wanavyokuja. Hifadhi ya Serengeti, sehemu yake kubwa, iko mkoani Mara. Geti la Ndabaka liko Bunda, pembeni kabisa ya barabara ya Mwanza kuja Musoma. Hata hivyo mtalii wa Serengeti anaingilia Arusha na kutokea Arusha. Tukisema tutampata kwa kujenga kile alichokwisha kukiona Arusha, tumekubali kuwa nakala, na nakala huwa ya bei ya chini. Atakayekuja Musoma kwa ajili ya Musoma atakuja kwa kitu ambacho hakipo kwingine.

Na vipo. Shule ya Msingi Mwisenge, ambako Julius Nyerere aliletwa mwaka 1934, bado ni shule, watoto bado wanakimbizana uwanjani. Umbali wa kilomita 40 na zaidi kidogo kuna Butiama, kaburi lake na makumbusho yake. Watu hufika Butiama kwa misafara, wakapiga picha, wakageuza magari. Ningependa wakae. Wale ugali wa kule, wamsikilize mzee mmoja akieleza tofauti ya Mzanaki na Mkurya mpaka wachoke. Makoko, hapa mjini, wamisionari wengi kutoka nje wamejifunzia Kiswahili chetu kwa miezi kadhaa. Nawasifu kwa jambo moja: walikaa. Lugha ya watu huwezi kuijua kwa saa mbili, na chakula chao pia.

Kwa hiyo, kwa manispaa: mama lishe wapewe bomba, choo na paa pale walipo wateja wao, na mita 60 zipimwe kwa kamba moja kwa wote. Palipo wazi ufukweni pabaki wazi, paandikwe kwa kibao kwamba ni pa umma, ili mlinzi ajaye asome kabla hajamwamsha mtu kwenye jiwe.

Kwako wewe kijana wa Musoma unayesoma haya ukiwa Dodoma, Dar au Nairobi: ukiulizwa kwenu kuna nini, taja kwa mama. Taja benchi, taja mtaa, taja saa ambayo mihogo inakuwa ya moto. Ukiona aibu, jiulize imetoka wapi, maana hukuzaliwa nayo.

Na kwako wewe mgeni: usiombe sehemu tatu kali. Shuka stendi ya Bweri, chukua bodaboda, mwambie dereva akupeleke anakokula yeye. Atakuangalia mara mbili, aone kama unamtania. Mhakikishie. Mkifika, agiza sahani mbili, moja yake, na usitoe simu kabla ya kunawa mikono.